Mtihani wa Siri na Sufuria za Matanga

Saa nane mchana, katika makao ya wazee mtaani Kings Heath, Birmingham, Mumbua anampaka mafuta miguuni ajuza Mwingereza huku akimfundisha habari za moyo.

"Damu inaingia upande wa kulia," anamwambia. "Halafu inakwenda wapi?"

Ajuza huyo, tumwite Jean, anakodoa macho. "Sina habari, mwanangu. Wapi?"

"Mapafuni!"

"Kumbe!" anashangaa Jean, kama alivyoshangaa jana na juzi. Kumbukumbu zake zimekwisha.

Mumbua, mzaliwa wa Machakos, hana mwalimu wala darasa. Husoma kwenye simu ndani ya basi, kisha huyarudia aliyoyasoma kwa mdomo akitandika vitanda. Mtihani anaouwania umebeba kila kitu: sayansi, hesabu, historia, fasihi, hata uchoraji. Akiupita, chuo kimoja cha masomo ya mbali kitamhesabia mwaka mzima wa kwanza wa shahada ya usimamizi wa afya. Asipoupita, ataanzia mwanzo kabisa, na kwa mshahara wa pauni kumi na mbili na ushei kwa saa, karo ya mwaka huo haipo.

Sasa, Wakenya wa mji huu wanajuana. Neno likidondoka mtaa wa Small Heath, chai haijapoa limeshafika Kings Heath, tena limenona njiani. Mumbua alipokosa nafasi ya uuguzi miaka ya nyuma, kanisa zima lilijua.

"Nilipewa pole hata na watu nisiowajua," anasema. "Mmoja alinipa pole kwenye foleni ya nyama, aki!"

Ndiyo maana safari hii aliyeambiwa ni Jean peke yake. "Huyu ndiye mtu pekee Birmingham asiyeweza kusambaza umbea," anasema, na hacheki.

Lakini siri nayo hulipiza.

Kikundi chao cha akina mama kina sufuria kubwa za shughuli, na palipo na sufuria ndipo watu hukusanyika kukiwa na msiba. Zilikuwa kwa Mumbua. Siku moja kabla ya mtihani, simu ikaja kutoka Meru: mama mzazi wa Mugambi amefariki. Mugambi ni dereva wa basi hapa mjini. Kufikia jioni viatu vya waombolezaji vilikuwa vimefika mpaka kwenye ngazi za nyumba yake.

Roselyne, mwenyekiti wa kikundi, aliingia na gunia la vitunguu. "Mama Mutindi, mbona umenuna? Lete mwiko!" akamwambia Mumbua, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Ningesema nini?" Mumbua ananiuliza. "Mwenzangu amefiwa na mama, mimi nimwambie nina hesabu?"

Akapika. Akaimba nao. Wengine wakalala hapohapo, daftari lake la masomo likiwa chini ya godoro walilolalia. Asubuhi aliosha sufuria, akakimbilia mtihani.

"Swali la moyo nilijibu. Yaliyofuata yote yalinuka vitunguu."

Alifeli kwa alama chache. Matokeo yalipovuja, maana hapa kila kitu huvuja, Roselyne alifika mbio.

"Si ungetuambia! Tungepika kwangu!"

"Mngepika kwako, mkaniombea kwa kipaza sauti. Nikifeli, mkanililia kwa kipaza sauti hichohicho."

"Sasa si ndiyo kazi yetu?" Roselyne akajibu, akacheka peke yake.

Kilichomchoma zaidi ni Mugambi kuja kuomba radhi. "Mtu aliyemzika mama yake anasimama mlangoni pangu na kofia mkononi, ati nimsamehe. Nilitamani sakafu inimeze."

Sufuria zimehamia kwa Roselyne, anayelalamika hana pa kuegesha gari. Mumbua amejiandikisha tena kwa mwezi wa tatu, na mara hii kikundi kizima kinajua tarehe. Jumapili iliyopita waliiombea, kwa kipaza sauti. Alikaa akitazama viatu vyake.

Kila siku tangu matokeo yatoke amekuwa akimwambia Jean kwamba alifeli. Kila siku Jean humshika mkono na kumpa pole, mpya kabisa. "Hiyo ndiyo pole pekee ninayoiweza," anasema. "Haitoki nje ya chumba hiki."

Leo hayataji matokeo. Anafunika chupa ya mafuta, anamvisha Jean soksi.

"Ikitoka mapafuni, inarudi upande gani?"

"Sijui, mwanangu. Wewe unajua?"

"Kushoto," anasema Mumbua. "Na hilo watahini tayari walilisikia. Mwezi wa tatu watasikia mengine."