Kifaransa Kiumizacho Kichwa

Nyumbani kwetu Masisi ugonjwa wangu ulikuwa na jina moja tu: Kifaransa. Kila nilipotoka shule kichwa kiliniuma hadi nikajilaza juu ya gunia la maharagwe, na papa, baba yangu, alikuwa na hakika kwamba ni maneno ya mwalimu yaliyojaa humo ndani yakakosa pa kutokea. Ushahidi wake ulikuwa yeye mwenyewe. Alipokuwa mtoto kichwa kilimuuma vivyo hivyo, akaacha masomo mwaka wa tatu, na maumivu yakakoma.

"Famii yetu haiwezake Kifaransa," alisema, kama vile koo nyingine zinavyokuwa na mwiko wa kula kondoo.

Mimi niliipenda shule, tena nilikuwa hodari. Ubao nilikuwa nauona kama kitu cheusi chenye vumbi jeupe, na nilidhani kila mtu anauona hivyo. Mwalimu akisoma kwa sauti, mimi nakariri. Akiniita nisome, nakunja uso kuelekea ubaoni na kumwaga yote bila kukosa. Hakuna aliyenishuku, wala mimi sikujishuku.

Siku moja nilirudi nikitapika kwa maumivu, papa akakata shauri: masomo basi. Ningechunga ng'ombe wetu, hewa ya mlimani inisafishe kichwa. Nililia kweli kweli, maana niliona maisha yangu yamekwisha nikiwa bado sijafika darasa la tano. Papa hakutikisika.

Jioni ya kwanza nilimswaga ng'ombe wetu mwekundu hadi nyumbani. Papa alikuwa amesimama mlangoni, akamwona anaingia upande wa pili wa ua, akafurahi.

"Unaona? Leo kichwa haikuuma. Na ngombe imeshiba, angalia vile imenenepa."

Mama akachukua ndoo akaenda kukamua. Aliinama, akapapasa, akapapasa tena. Kisha akainuka taratibu na ndoo yake tupu.

"Papa," alimwita mume wake, "kuja ukamue weye mwenyewe. Hii iko ndume."

Alikuwa fahali wa jirani. Jirani mwenyewe alifika baadaye na ng'ombe wetu, akicheka hadi akashika nguzo ya ua. Papa alinigombeza kwa kutokuwa makini, akasahau kabisa kwamba yeye ndiye aliyesifu unene. Mama hakugombeza. Alikwenda mwisho wa ua akageuka.

"Vidole vyangu viko ngapi?"

"Mama, kwani umenyoosha mukono?" nikamuuliza.

Kesho yake mimi na mama tulipanda pikipiki, tukapita Mushaki na Sake mpaka Goma. Kwa daktari wa macho alikuwako mzee mmoja mbele yangu, akisoma herufi za ukutani kwa sauti. Zamu yangu ilipofika nilikunja uso, nikazimwaga zote. Daktari akasema macho yangu ni mazima. Nilijisikia fahari; mazoea yana taabu. Mama akasonya.

"Dokta, uweke karatasi ingine. Huyu mutoto anasikiaka kuliko anaonaka."

Karatasi ikabadilishwa, nami nikawa bubu.

Nilirudi na miwani kubwa iliyonifanya nifanane na bundi. Njiani niligundua kwamba miti ina majani, moja moja, hata ile ya mbali, na kwamba yale mawe meupe ya milimani ambayo nimeyajua tangu kuzaliwa yanatembea na kula nyasi. Nilicheka peke yangu nyuma ya pikipiki hadi mama akaniuliza kama kichwa kimeanza kuniuma tena.

Papa aliipokea miwani kwa dharau. Aliivaa kwa mzaha, akabana pua na kutoa kidevu kama mwalimu, ili tucheke. Tukacheka. Yeye akaacha. Aliangalia mlima wa ng'ambo, akaangalia malisho ya jirani na yule fahali wake, akarudi kwenye mlima. Mama akaweka chini sufuria aliyokuwa anaisugua.

"Kumbe haikukuwa Kifaransa," papa alisema polepole.

Hakuna aliyecheka tena. Asubuhi nilivaa sare yangu, lakini nilichelewa shule, maana papa alikuwa bado amesimama mlangoni na miwani yangu usoni.