Mashine ya Jepkosgei

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, Jepkosgei alimkuta mume wake ameweka kikombe cha chai juu ya kompyuta.

"Baba Chepngetich, hiyo si meza."

"Kwa hii nyumba hakuna kitu ni meza siku hizi," Wilson akasema. "Meza yenyewe imelaliwa na nyaya."

Ilikuwa kweli. Meza ya kulia ilijaa nyaya na skrubu, na wao wawili walikula ugali wakiwa wamepakata sahani kama watu wa matangani. Jepkosgei akachukua kile kikombe, akapangusa alama ya maji kwa leso, akamrudishia mkononi. Kisha akavaa sweta, akasema anaenda mjini mara moja, atarudi na mboga. Wilson alikuwa amenuna.

Saa sita presha ikampiga Jepkosgei mbele ya duka la mbegu. Jua halikuzama akiwa hai.

Watu waliokuja nyumbani kwao Kimumu kutoa pole waliitazama ile mashine kwanza, halafu picha ya marehemu. Wakauliza ni ya nani. Ilikuwa ya Jepkosgei. Aliichagua kipande kwa kipande, na kila kipande kilimkasirisha mtu.

Alikuwa karani kwenye kiwanda kimoja cha nguo hapo Eldoret. Miaka yake sita ya mwisho walimweka chumba cha mishahara, kulikokuwa na kompyuta. Ikiharibika, fundi alitoka Nairobi. Wenzake walitoka nje kuota jua. Jepkosgei alibaki ndani kumshikia fundi tochi. Fundi alidhani anasaidiwa. Kumbe mama alikuwa anasoma.

Alistaafu mwisho wa mwaka wa themanini na tisa. Wilson alitegemea ng'ombe. Watu wakistaafu hununua ng'ombe wa maziwa, hilo linajulikana. Jepkosgei akasema anataka kompyuta yake mwenyewe, tena si ya dukani.

"Ya dukani iko na shida gani?"

"Imechaguliwa na mtu ambaye hataitumia. Wanakuwekea kasha zuri, ndani takataka."

Wilson hakusoma. Aliendesha trekta miaka thelathini kwenye mashamba ya Moi's Bridge, na trekta huletwa ikiwa nzima. Hajawahi kusikia mtu akinunua gurudumu Kitale na usukani Nakuru, halafu akaomba Mungu viingiane. Lakini mke wake alikuwa ameshachora orodha kwenye daftari, na alikuwa ameshaituma kwa binti yao Chepngetich, aliyekuwa akifanya kazi Nairobi.

Vitu vikaanza kuja kwa basi, ndani ya katoni ya sabuni. Ikaja bodi kubwa, ambayo kila kitu huchomekwa juu yake. Ilikuwa ya kumi na mbili, na Jepkosgei akaeleza kwamba hiyo namba ndiyo mwendo wake. Ikaja pawasaplai, kisanduku cha kuingiza stima, chenye feni yake kwa nyuma. Halafu zikaja memori, vidude vyeusi thelathini na sita vyenye miguu kama jongoo. Jepkosgei alizipeleka dirishani, akavaa miwani, akazisoma moja moja. Akakaa chini.

"Mwisho zimeandikwa kumi na mbili."

"Si bodi ni ya kumi na mbili?" Wilson akasema. "Zimelingana."

"Hii ni namba nyingine. Hapa ndogo ndiyo ya mbio. Mimi niliandika nane."

Akaenda mpaka simu ya posta. Akarudi midomo imekaza. Muuzaji alikuwa amemwambia Chepngetich ana bahati, nane zimeisha lakini atampa kumi na mbili, ambazo ni kubwa zaidi.

"Mama Chepngetich, hebu nielewe," Wilson akasema. "Kwa bodi, namba kubwa ndiyo mbio. Kwa hizi, namba ndogo ndiyo mbio. Aliyetengeneza hii kitu alikuwa amelewa?"

"Usianze."

"Nimeuliza tu."

Jongoo wale wakarudishwa Nairobi na wengine wakaja baada ya wiki mbili. Wiki hizo mbili hakuna mtu aliyeruhusiwa kupita karibu na meza bila kushika kwanza fremu ya chuma ya dirisha. Jepkosgei alisema mwili wa mtu una stima kidogo, na stima hiyo huua bodi. Wilson alikuwa na miaka sitini na minne, na sasa alishika dirisha ndipo achukue chumvi.

Nane alizitaka kwa sababu ya jambo alilokuwa hajalisema. Siku aliyolisema, Wilson aliweka kijiko chini.

Juu ya bodi kulikuwa na kidude cha bati, kristali, kinachopiga kama moyo, na vingine vyote hufuata mapigo yake. Jepkosgei alitaka king'olewe, kiwekwe cha mapigo ya haraka zaidi, ili bodi ya kumi na mbili iende kumi na sita, na memori za nane ziweze kuifuata.

"Hiyo ni kuvunja sili ya gavana," Wilson akasema.

"Si trekta."

"Mimi nakuambia. Gavana ni kidude cha kuzuia mbio, imewekwa injini isijiue. Dereva mmoja kule shambani alivunja sili, akalima kama mwendawazimu mpaka saa nne. Saa tano injini ikanoki. Mpaka leo iko pale, kuku wanataga ndani."

"Waliotengeneza bodi waliandika kumi na mbili kwa woga," Jepkosgei akasema. "Mimi naijua yangu, wao hawaijui."

Akampelekea bodi Kabiru, fundi wa redio nyuma ya soko, mtu wa Nyeri mwenye mkono mtulivu na mdomo usiotulia. Wilson alifuata ili aone ikiharibika.

"Mama, nikikosea hapa," Kabiru akasema akiwasha chuma cha kulehemu, "hii itakuwa sahani ya kulishia kuku."

"Basi usikosee."

"Mzee, huyu unakaa naye aje?"

"Nashika dirisha," Wilson akasema.

Kabiru hakukosea. Nyumbani Jepkosgei akafunga kila kitu ndani ya kasha, akaunganisha kioo na printa, akawasha. Kioo kikakaa cheusi kwa muda wa kumeza mate. Halafu herufi zikashuka. Akapima kwa saa ya ukutani jinsi kurasa zinavyopita, akapima tena. "Kumi na sita," akasema, akaenda kupika.

Hapo ndipo Mwalimu Phineas alipokuja. Alikuwa mwalimu mkuu, na shule saba zilikuwa zimemwachia kazi ya kuchapisha mtihani wa majaribio wa darasa la nane. Miaka yote ulichapwa Nakuru. Yeye alitaka Jepkosgei aupange, achape stensili, zile karatasi za nta za kutolea nakala, shule zijitolee nakala zenyewe.

"Wenzangu wamenicheka, Mama," akasema. "Wanasema nimepeleka mtihani jikoni kwa mtu. Ijumaa saa kumi nisipobeba stensili zote, naenda Nakuru usiku huo huo. Na hapa sitarudi tena, si kwa ubaya. Sitaweza."

"Saa kumi uje," Jepkosgei akasema.

Alikuwa na wiki moja. Naibu wa chifu alisikia kuna mashine ya kuchapa Kimumu, akafika kuuliza inachapa nini, maana miaka ile karatasi iliweza kumfunga mtu. Jepkosgei akampa ukurasa wa hesabu za sehemu. Naibu akajaribu swali la kwanza, akaaga.

Jumapili wakaja akina mama wa kanisa kuiombea mashine. Waliongozwa na Sarah, mke wa mzee wa kanisa, na hakuja mikono mitupu. Alileta kitambaa cha kufuma kwa krosheti, cheupe, chenye maua ya waridi. Kwa nyumba zetu kitu cha maana hakikai uchi. Redio ina kitambaa, viti vina vitambaa, hata chupa ya chai ina chake. Hiki kilikuwa kimepimwa sawasawa. Kililala juu ya kasha, kikashuka ubavuni na nyuma mpaka mezani, mbele kikaacha nafasi ya kutumia. Jepkosgei alikifurahia. Alikinyoosha kila asubuhi kabla ya kuwasha.

Jumatatu saa nne mashine ikaganda. Herufi zilisimama hapo zilipokuwa, kurasa tatu zikapotea. Akazima, akawasha, ikaenda nusu saa, ikaganda.

Akalaumu memori. Akazing'oa zote thelathini na sita, akazirudisha kwa mpangilio mwingine. Jumanne ikaganda. Akalaumu pawasaplai, akaazima nyingine kwa Kabiru. Ikaganda. Akalaumu stima, akaenda kuuliza jirani mwenye kinu cha posho anasaga saa ngapi. Akapiga simu Nairobi kumwuliza Chepngetich kama ana hakika na nane. Chepngetich akalia kwenye simu.

"Nilikuambia gavana," Wilson akasema Jumanne. Akarudia Jumatano asubuhi. Alipofungua mdomo Jumatano jioni, Jepkosgei akamwambia neno lingine la gavana litamlaza kwa ng'ombe ambao hawana.

Kabiru akaja, akazunguka mashine mikono nyuma.

"Mama, turudishe kristali ya kwanza. Kumi na mbili si aibu."

"Nimepoteza siku tatu. Kwa kumi na mbili sitamaliza."

"Na kwa kumi na sita huanzi."

Jepkosgei akamwambia aje na chuma chake Alhamisi saa sita. Wilson alimwona akisema hivyo. Uso wake ulikuwa ule wa siku waliyouza shamba la kwao. Wilson alikuwa amemngoja siku nyingi ashindwe, na sasa ameshindwa, na haikuwa tamu.

Alhamisi saa tatu mashine iliganda tena. Jepkosgei akakaa anaitazama tu. Wilson alitaka kusikiliza habari, akapitisha mkono nyuma ya kasha kutafuta soketi ya redio. Akautoa haraka. Nyuma pale palikuwa moto kama pumzi ya ng'ombe mgonjwa.

Akasimama. Msimu wa kupukuchua mahindi, makapi hupepea yakajibandika kwenye radieta ya trekta. Injini haina ubaya wowote, lakini inachemka. Dereva mgeni huita fundi. Dereva mzoefu hushuka, akabandua makapi kwa mkono, akaendelea.

Wilson akashika kitambaa, akakivuta chote.

"Umeshika dirisha?"

"Wacha dirisha. Lete mkono hapa nyuma."

Jepkosgei akauleta. Akauweka pale kwenye feni, muda mrefu.

"Radieta imeziba," Wilson akasema. "Ni maua ya Sarah."

Jepkosgei akazima, akangoja ipoe, akawasha. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Kabiru alipofika saa sita na chuma chake, printa ilikuwa inagonga stensili kama mvua ya mawe juu ya mabati.

"Siku nne," Jepkosgei akamwambia. "Nimelaumu mtoto wangu. Nimelaumu wewe. Nimelaumu stima ya nchi nzima."

"Na mimi," Wilson akasema.

"Wewe nakulaumu tangu zamani."

"Mama," Kabiru akasema, "kwani mlivalisha mashine sweta?" Akacheka mpaka akaegemea ukuta. Hakuna aliyemkaribisha chai.

Ijumaa asubuhi Sarah akapita kusalimia. Akasimama mlangoni.

"Mama Chepngetich, mbona mmeivua?"

Wilson akatazama miguu ya kiti. Sarah alikuwa amefuma kitambaa kile wiki mbili, na kanisani angekaa kiti cha mbele yao maisha yote.

"Ilikuwa inatoka jasho, dada," Jepkosgei akasema. "Ikifanya kazi inataka upepo. Ikilala ndiyo nitaivisha."

Sarah akaipapasa ubavuni, kama anayemshika mtoto paji. "Kweli iko na joto. Si mngesema. Nitafuma cha matundu makubwa."

"Asante, dada," Jepkosgei akasema, akageukia kazi. Wilson alimwona anavyouma ndani ya shavu.

Saa tisa na nusu stensili ya mwisho ilitoka. Ilikuwa Sayansi, yenye mchoro wa moyo. Saa kumi Mwalimu Phineas akabisha. Akazihesabu mara mbili akiwa amesimama, akaziweka ndani ya mkoba, akasema mtihani wa mwisho wa mwaka wa darasa la saba pia utakuja hapa, na wale waliomcheka watauleta wenyewe. Akaondoka. Feni peke yake ilikuwa inapiga.

Jepkosgei alikuwa amekaa, miguu ameinyoosha, miwani iko kichwani. Wilson akamletea chai. Alishika dirisha kwanza, bila kuambiwa. Akamwuliza kama sasa roho yake imetosheka, waweze kula mezani kama watu.

Akanywa kidogo. Akasema: "Nitosheke na nini, Baba Chepngetich? Nairobi wako na bodi ya ishirini na tano."