Mtumbwi, Upo

Alhamisi, tarehe 14 Machi. Mawingu tangu alfajiri, manyunyu yasiyoamua kuwa mvua, na upepo wa ziwani uliopekua mabati.

Fundi cherehani wa mtaa wetu, tuliyezoea kumwita Futi kwa sababu utepe wa kupimia haumtoki shingoni, alifunga kibanda saa nne akaenda makumbusho ya wilaya. Huenda huko mara moja kwa mwaka kutazama mtumbwi wa marehemu baba yake, aliyekuwa mvushaji, pamoja na upo wake, yaani kata ya mti ya kutolea maji yanayoingia mtumbwini. Mtumbwi baba aliununua. Upo aliuchonga mwenyewe, na mpini wake umelika upande mmoja kwa dole gumba lake. Vitu vilipogawanywa, kaka yake Futi aliutaka upo, akamkataza asiupeleke kokote. Futi ndiye aliyeng'ang'ania kwamba vyote viende makumbusho vikatunzwe. Kaka hakumsemesha miezi minane.

Siku hiyo mtumbwi ulikuwepo, makasia yalikuwepo, upo haukuwepo. Mahali pake palibaki alama safi katikati ya vumbi.

Karani wa makumbusho, mtu mpole mwenye kuvalia miwani kwenye paji la uso, alileta daftari la vifaa. Alieleza kwamba mwezi uliopita walifanya ukaguzi, na kila kisichoandikwa kiliondolewa. Kidole chake kikashuka hadi mstari wa kumi na saba: *Mtumbwi, upo. Makasia mawili.*

"Si huo hapo umeandikwa?" Futi akasema.

"Mtumbwi upo, ndiyo. Tumeuona, tukauwekea alama ya vema."

"Sisemi mtumbwi. Nasema upo."

"Upo, mama. Nani kakwambia haupo?"

"Upo ndio haupo."

Karani akashusha miwani puani. "Mama, chagua moja."

Futi alimweleza taratibu, kama anavyomweleza mteja kwa nini kitambaa hakitoshi. Upo ni jina la kitu, na aliyeandika daftari aliweka mkato pale kwa makusudi. Mkato si pambo. Karani aliutazama ule mkato kwa muda mrefu. Alikiri kwamba yeye hakukulia majini. Lakini ukaguzi ulishatiwa sahihi, na kurekebisha mstari kulihitaji barua ya ofisi ya utamaduni. Kitu chenyewe huenda kilipelekwa kwenye jengo la forodha ya zamani pamoja na takataka nyingine. Neno takataka lilimtoka kabla hajalizuia.

Kwenye ofisi ya utamaduni, afisa alikuwa kikaoni. Katibu muhtasi alimshauri aanzie makumbusho. Alipojibu kwamba ndiko anakotoka, akaambiwa basi ameanza vizuri.

Forodha ya zamani ina kibao kinachokataza mtu kugusa kuta. Ndani, kuta zilikuwa zinapakwa chokaa. Futi alipita vyumba viwili vya viti vilivyovunjika, na katika cha tatu akauona upo mkononi mwa mpaka rangi, aliyekuwa akiuchotea chokaa kutoka kwenye pipa. Ulikuwa mweupe hadi mpinini, na ukingo umepasuka.

"Fundi, hicho ni cha makumbusho," alisema. Sauti yake, alivyonisimulia, ilikuwa ndogo kuliko alivyotaka.

"Hiki? Nimekikuta humo kwenye ndoo, dada. Kizuri kweli, kinakaa mkononi."

Hakubishana naye. Alipewa, akausuuza bombani, akarudi makumbusho kabla hawajafunga. Karani alifurahi kweli kuuona, akaushika pande zote. Kisha akasema hawezi kuupokea. Katika daftari haumo, kwa hiyo ni kifaa kipya, na fomu za kupokea vifaa vipya zimekwisha.

"Mwanangu, upo huu ulitoka mlango huu huu."

"Kutoka hakuna fomu, mama."

Jioni alikaa na upo mapajani, akaukwangua chokaa kwa kisu butu cha kufumulia nyuzi. Akapima ufa: inchi mbili na nusu.

Asubuhi iliyofuata aliufunga upo kwa kipande cha bitana, akamwahi kaka yake kabla hajaenda kazini. Alimkabidhi mlangoni, akamwonyesha ufa yeye mwenyewe, akamwambia, "Ulinikataza." Kisha akaenda kufungua kibanda.