Manyoya Hayapwayi

Kuku alikuwa anakula, na hilo ndilo lililomchanganya fundi. Kuku mgonjwa hujikunyata pembeni, husinzia, huacha chakula. Huyu alikuwa wa kwanza kufika kwenye sahani na wa mwisho kuondoka, lakini kila jioni, fundi alipombeba kumwingiza bandani, aliona amebeba kitu chepesi kuliko jana.

Fundi alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mshonaji wa suruali na sare za shule. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilichokuwa karakana: cherehani ya miguu, meza ya kukatia, pasi nzito, na ukuta mzima wa nguo zinazosubiri wenyewe. Futi ya kupimia haikutoka shingoni mwake. Majirani walisema hulala nayo, na hawakukosea sana. Mtaani walimwita Macho Futi, kwa kuwa mteja akiingia tu mlangoni, yeye alikwisha kumjua kiuno. "Thelathini na nne," angesema, kisha angepima kwa ajili ya adabu tu, na ingekuwa thelathini na nne.

Lakini kuku hana kiuno. Kuku ni manyoya, na manyoya hayapwayi.

Huyu aliitwa Mama Mkubwa. Jina alipewa na marehemu mume wa fundi, mwoka mikate, pande la mtu mwenye kicheko cha tumboni, ambaye mtaa mzima ulimwita Tanuri. Alimleta nyumbani angali kifaranga, ndani ya mfuko wa karatasi wa mkate, akamlea kwa makombo. Kifaranga kilipokua kikaanza kumfukuza paka na kuingia jikoni kukagua masufuria, Tanuri akasema, "Huyu si kuku, huyu ni mama yangu mkubwa. Angalia anavyotafuta kosa." Sasa Tanuri alikuwa amekufa mwaka na miezi miwili. Nguo zake zilikwisha kugawanywa, viatu pia. Katika nyumba ile kilibaki kiumbe kimoja tu kilichowahi kuitikia sauti yake, nacho kilikuwa kinaisha.

Inabidi kusema Tanuri alivyokufa, maana bila hilo mtu atashangaa mwanamke mzima kukosa usingizi kwa ajili ya kuku mmoja.

Ilianza kwa mzaha. Asubuhi moja alitoka chumbani ameshika suruali kwa mkono. "Fundi, umenishonea ya mtu mwingine. Hii inataka kuniaibisha sokoni." Mkewe akacheka, akaichukua, akaipunguza. Katika kazi yake kupunguza ni jambo dogo: unafumua mshono wa nyuma, unavuta kitambaa ndani, unashona upya, unapiga pasi. Hakukata kilichozidi. Fundi mzuri hukikunja ndani ya mshono kikae kama akiba, ili mwenyewe akinenepa kiachiwe. Akaandika kipimo kipya katika daftari la wateja, kama alivyomwandikia kila mtu: arobaini. Baada ya wiki tano, thelathini na nane. Kisha thelathini na tano. Kisha thelathini na mbili.

Hawakulizungumza. Mume alileta suruali, mke akapunguza. Alikuwa anakula vizuri, anakwenda kazini, na kila aliyemwona barabarani alisema Tanuri siku hizi kapendeza, nguo zimemkaa. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo tulivyofundishwa; methali haisemi neno juu ya yule anayemshonea pazia.

Siku alipoanguka kazini wakampeleka hospitali, daktari alimpapasa tumbo, kisha akamgeukia mke. "Mama, hamkuona anakonda? Nguo hazikuanza kumpwaya?"

Fundi alitazama viatu vyake. Nguo hazikumpwaya hata siku moja. Hata pale kitandani alikuwa kama bwana harusi. Jioni alipomvua suruali aipeleke nyumbani kuifua, mshono wa nyuma ulikuwa mnene kama kamba, kwa kitambaa alichokuwa akikikunja ndani, zamu baada ya zamu, akisubiri mtu anenepe.

Alikufa siku ya kumi na moja.

Kwa hiyo Mama Mkubwa alipoanza kuwa mwepesi, fundi aliapa moyoni kwamba safari hii ataangalia. Alimnunulia dawa ya minyoo, akamtilia kwenye maji. Akambadilishia pumba, akamwongezea mtama. Akafungua ukurasa mpya katika daftari, akaandika juu yake "Mama Mkubwa", na kila Jumatatu akapitisha futi chini ya mabawa, akaikaza mpaka manyoya yalale, akaandika. Namba zilishuka. Kidole chake kilipopita kifuani kilikuta mfupa umesimama kama ukingo wa rula.

Katika shughuli hiyo ndimo alimokutwa na shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi wa baiskeli, mtu asiyeweza kuingia mahali bila utani.

"Loo, shemeji. Unampima kuku? Unamshonea suti?"

"Anakonda."

"Si umpeleke sufuriani kabla hajaisha kabisa? Utabaki na mfupa na majuto."

"Ukimtajia sufuria tena, utatoka humu bila chai."

"Basi, Mama Mkubwa shikamoo." Aliketi kwenye benchi, akaweka suruali mbili mezani. "Na mimi nipunguzie, shemeji. Inchi moja na nusu hivi. Tangu kaka afe hakuna wa kunipa mkate wa bure."

"Weka hapo," alisema fundi, bila kuinua macho. Alimpima kuku kwa mara ya pili, maana hakuiamini ya kwanza. Kisha akampima shemeji yake, akaandika, akapunguza suruali zote mbili jioni ileile. Mkono unajua kazi yake. Macho yalikuwa uani.

Wiki iliyofuata alimweka kuku kwenye kapu, akalifunika kwa kitambaa, akaenda kwa bwana mifugo. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala, chenye meza ya bati, sinki, na picha kubwa ya ng'ombe aliyegawanywa kwa mistari. Bwana mifugo mwenyewe alikuwa mzee wa kukaribia kustaafu, mpole kwa namna ya mtu aliyekwisha kuzoea kutoa habari mbaya kwa wenye mifugo.

"Anakula?"

"Ananishinda mimi."

"Anataga?"

"Aliacha miezi mitatu nyuma. Nikadhani ni uzee."

Alimshika kuku kwa mikono miwili, akatenganisha manyoya ya kifua, akamwita fundi asogee. Chini ya manyoya yale mazuri ya madoadoa hapakuwa na nyama. Palikuwa na ngozi ya rangi ya karatasi iliyovutwa juu ya mfupa.

"Umeona? Kuku hafanyi kama mbuzi, akakonda ukamwona. Anavaa vizuri mpaka siku ya mwisho. Kundini, anayeonyesha udhaifu hudonolewa na wenzake, kwa hiyo hujificha. Ana wenzake nyumbani?"

"Ana mimi."

Bwana mifugo hakucheka. Alisema inaweza kuwa minyoo iliyoshinda dawa, au uvimbe, au kifua kikuu cha ndege, ambacho kinakula polepole huku mwenyewe anakula haraka. "Hapa sina mashine ya kunionyesha ndani. Mama, nisikudanganye. Kwa mgonjwa kama huyu, njia ya kujua ni moja."

"Afe kwanza."

"Au umpunguzie siku."

Neno lilimchoma pale lilipompata. Alifunika kapu akaondoka. Nyumbani alikaa na kuku siku mbili, akimlisha mkate uliolowekwa kwa mkono. Siku ya tatu Mama Mkubwa alidonoa mara moja, akashindwa kusimama, akakaa palepale sahanini akimtazama kwa jicho moja, kama anayetafuta kosa.

Angeweza kumwacha afe usiku, amzike uani, aseme ni uzee. Hakuna ambaye angeuliza. Alimrudisha kwenye kapu.

"Unataka kusubiri nje?" aliuliza bwana mifugo.

"Hapana. Nitaangalia."

Mzee alifanya haraka na kwa upole, kisha akapasua. Ini lilikuwa kubwa kuliko linavyopaswa kuwa, limejaa vinundu vya rangi ya maziwa, vingine kama punje za mtama, vingine kama maharage. Utumbo pia ulikuwa navyo. Fundi alisimama karibu na sinki, futi shingoni, akavitazama kimoja kimoja mpaka alipohakikisha ameona.

"Hivi havikuanza mwezi huu," alisema bwana mifugo. "Huyu usimle, wala mbwa asimle. Tutamchoma hapa. Banda lisugue, na likae tupu."

"Ningemleta mapema?"

Mzee alinawa mikono kwa muda mrefu. "Kwa huyu, nadhani isingesaidia. Ugonjwa huu kwa kuku hatuutibu." Akafunga bomba. "Ila ungekuwa unajua."

Alirudi na kapu tupu. Akasugua banda kwa maji ya moto, akaingia karakana, akafungua daftari aandike mstari wa mwisho kwenye ukurasa wa Mama Mkubwa. Kurasa ziligandamana. Alipozitenganisha alifunua ukurasa wa shemeji yake, na macho yale ya futi yakasoma yenyewe: thelathini na saba. Thelathini na sita. Thelathini na nne na nusu. Mistari mitatu ndani ya miezi minne, mwandiko wake mwenyewe, safi, bila mkwaruzo. Aliiandika yote mitatu na hakusoma hata mmoja.

Shemeji alikuja Jumamosi, na suruali ya kijivu begani.

"Pole kwa msiba wa mama yetu mkubwa," alisema. "Nimesikia amefanyiwa upasuaji."

"Kaa, shemeji."

"Sikai. Nipunguzie tu hii, inchi moja, mteja ananisubiri."

"Unalala na jasho?"

"Mimi? Nalala na shuka."

"Umekonda tangu lini?"

"Shemeji, kazi ya baiskeli ni ya kupiga pampu. Hujawahi kuona fundi baiskeli mnene."

"Nimekuona wewe, mwaka jana. Thelathini na nane." Alimsogezea daftari, akageuza kurasa mpaka kwa marehemu, akaweka kidole. Arobaini. Thelathini na nane. Thelathini na tano. Thelathini na mbili. Kisha akarudi kwenye ukurasa wa shemeji. "Soma."

Alisoma. Utani ulimtoka usoni kama maji yanavyotoka kwenye beseni lililopasuka.

"Kwa hiyo ulijua," alisema polepole. "Kaka alikuwa anaisha, na wewe unaandika."

"Ndiyo."

"Ukanyamaza."

"Ndiyo. Kwako sinyamazi. Twende hospitali Jumatatu, nitafunga karakana, nitakaa nawe foleni. Suruali hii siigusi. Ikupwaye, watu wakuone."

Nje mtu alipiga kengele ya baiskeli, akaacha.

"Unataka kunizika mapema kwa kuwa ulichelewa kwa kaka," alisema shemeji. Alichukua suruali mezani, akaikunja vizuri kuliko ilivyohitaji. "Mafundi wako wengi."

Jumatatu fundi alifunga karakana, akaenda gerejini kwa shemeji. Kulikuwa na kufuli. Jumanne alimkuta, naye akasema ana kazi. Alimtuma dada yao mkubwa, dada akarudi akisema wewe mjane unatia watu uchuro. Alirudi tena Ijumaa, na Ijumaa nyingine. Mara moja alimwachia chai kwenye chupa. Alikuta chupa imerudishwa mlangoni, imeoshwa.

Wiki ya tano alimwona mbele yake barabarani, anasukuma baiskeli ya mtu, anacheka na muuza magazeti. Muuza magazeti alikuwa anamwambia amependeza. Alikuwa amevaa suruali ileile ya kijivu, na ilimkaa barabara. Fundi aliharakisha mpaka akawa nyuma yake hatua tatu, aone mshono.

Ulikuwa wa mkono mwingine, nadhifu, umenyooka. Ulikuwa umelala bapa kiunoni, bila unene wowote ndani. Aliyeushona hakuacha akiba, alikuwa amekata.

"Shemeji," aliita.

Alijua amemsikia, kwa jinsi mabega yalivyosimama kidogo. Kisha baiskeli ikaendelea.

Akaongeza mwendo.