Kondoo wa Mwenye Lori

Harufu ya manyoya ya kondoo yakiungua motoni hunikera hadi leo. Hunirudisha Kibirichia, nikiwa darasa la tano, siku mwenye lori alipokuja kwetu kuomba msamaha.

Lori lake la viazi lilikuwa limeigonga Peugeot ya abiria iliyombeba mama kwenda sokoni Meru. Mama alifariki palepale. Lori halikuwa na bima. Stika iliyobandikwa kwenye kioo chake ilikuwa ya gari jingine. Kwa hiyo tumaini la karo yetu, sisi watoto wanne, lilibaki kwenye bima ya ile Peugeot, ambayo mwenyewe alikuwa ameilipia vizuri.

Kwetu, mtu akikuletea kondoo dume mkala pamoja, umemsamehe. Baba alikula, kisha akaomba na yule mtu, mkono begani. Mimi nilikataa supu, nikaambiwa nina kichwa kigumu.

Tukaanza safari za mjini. Kwanza karani wa bima alitaka cheti cha kifo. Mara ya pili, barua ya chifu. Mara ya tatu alitaka cheti tena, maana kile cha kwanza kilikuwa kimepotea mezani kwake. Mara ya nne alimuuliza baba, kwa upole kabisa, kama mwenye lori alifika nyumbani.

Nilimvuta baba koti. Shangazi alikuwa amemsihi asitaje kondoo.

"Alikuja," baba akasema. "Nilimsamehe."

"Sasa mzee, kama umemsamehe mwenye kosa, sisi tukikulipa tutamdai nani?"

Faili ikafungwa. Baba akamshukuru karani. Kweli, alimshukuru. Jioni nilimwambia kwamba ukweli wake utanitoa shuleni, na hakika niliishia darasa la saba.

Miaka mingi baadaye nilikuwa nikipika chai katika ofisi ya wakili mjini, nikamsimulia. Akatikisa kichwa. Alisema bima ile ilikuwa na kifungu cha kumlinda abiria akigongwa na gari lisilo na bima, na kwamba supu na sala havifuti madai. Ili madai yafutike, ingebidi baba atie sahihi kwamba ameyaacha, naye hakuwa ametia popote. Karani alitudanganya tu, nasi tukaenda zetu.

Nilipanga kumweleza baba Krismasi. Nikaahirisha, kwa kuwa ningelazimika kumwomba radhi. Tulimzika Machi. Alikufa akiamini kwamba alininyima shule kwa kusema kweli, na ni mimi niliyemwambia hivyo.