Lita Moja Kupanda Kanazi

Ninyi vijana mtakaosoma haya, wa Nyakahura na wa Ngara, na ninyi mliohamia Mwanza mnaorudi Krismasi na magari ya kuazima, kaeni chini kwanza. Mimi shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo sitawafundisha habari za injini. Nitawaambia habari ya namba, jinsi inavyoweza kuwa ya kweli kabisa na bado ikakutoa shambani kwako.

Wanangu, iko siku moja ambayo haijanitoka kichwani. Nilikuwa na mwaka wa pili tangu niolewe Nyakahura, nimetoka kwetu Kanazi na ng'ombe mmoja mweusi aliyenipa baba siku ya kuniaga. Alikuwa mdogo, pembe fupi, maziwa yake kikombe cha mtoto na chai ya mzee, basi. Binti yangu wa kwanza, Anisia, alikuwa ameachishwa ziwa, nami nilitaka maziwa zaidi. Kulikuwa na mfugaji mmoja aliyekaa kule mabondeni, kwenye majani mabichi mwaka mzima. Ng'ombe wake alikuwa mwekundu, mkubwa, kiwele kimeshuka mpaka unasema kitagusa nyasi. Akaniambia, "Huyu anajaza kibuyu asubuhi, anajaza tena jioni." Sikumwamini kwa maneno tu. Nilikwenda, nikasimama, akakamuliwa mbele yangu, kibuyu kikajaa povu likamwagika. Tukabadilishana. Akachukua mweusi wangu, na mbuzi wawili juu yake.

Nikamleta mwekundu kwetu mlimani. Kiangazi kikaingia, majani yakawa kama nywele za mzee. Mwezi haukuisha, kibuyu kikawa hakifiki hata nusu. Siku ya mnada nikamfuata yule mfugaji, nikamkamata shuka mbele za watu, nikamwita mwizi. Wala hakukasirika. "Shemeji," akasema, "si alikamuliwa mbele ya macho yako?" Watu wakacheka mpaka wenye nyanya wakaacha kuuza nyanya.

Mama mkwe wangu alinishika mkono akanirudisha nyumbani. Alikuwa mwanamke mfupi, asiyepaza sauti hata nyumba ikiungua. Tulipofika akanikalisha zizini, juu ya samadi, na kitenge changu cha mnadani.

"Amekudanganya nini yule mtu?"

"Maziwa, mama."

"Maziwa uliyaona. Ulimuuliza anatoa kiasi gani. Hukumuuliza anatoa kiasi gani akila nini. Ulinunua kiwele, bonde ukaliacha kule."

Nililia, maana ilikuwa kweli. Ng'ombe wa baba sikumpata tena, na Anisia alikua kwa uji wa mtama.

Miaka imekwenda, mama mkwe tumeshamzika, mwenye nywele nyeupe sasa ni mimi. Juzijuzi hapa, kabla ya mvua kuanza, mwanangu Laurenti alikuja kutoka Mwanza. Anauza vifaa vya ujenzi, kila wiki yuko barabarani kati ya Mwanza, Biharamulo na Ngara kufuata wateja. Siku zote huja na pikapu yake kuukuu, unaisikia ikiwa bado haijafika. Safari hii aliingia na gari, jipu kubwa jeusi la kifahari, linang'aa kama kiatu cha askofu. Sikulisikia. Kuku hawakulisikia. Jogoo wangu alipona kwa rehema tu.

"Shikamoo, mama. Hili ni haibridi."

"Marahaba. Ndiyo nini hiyo?"

"Lina injini ya petroli, lina na betri. Ukishika breki linajichaji lenyewe. Lita moja, kilomita ishirini! Mama, pikapu yangu lita moja haifiki hata kumi."

"Umelinunua?"

"Bado. Mwenye gari kanipa siku tano nilijaribu." Akatazama vidole vyake vya miguu. Mtoto uliyemzaa akitazama vidole vya miguu, ujue kuna jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa shamba la bondeni. Alishapata mnunuzi. Alitaka mimi na Anisia tukubali liuzwe alinunue jipu, maana baba yao alituachia sote watatu. Hesabu yake ilikuwa kwamba mafuta atakayookoa yatalirudisha shamba ndani ya miaka michache, na pesa zitabaki. Kwa asiyejua, shamba lile ndilo linalotulisha kiangazi. Huku juu migomba ikinyauka, kule maharage na viazi bado ni kijani. Ninakula pale mimi, anakula Anisia ambaye ni mjane kama mimi, na watoto wake wanne.

Laurenti akatoa karatasi. Anisia akaisoma, akasema, "Mama, ni kweli, imeandikwa ishirini."

"Hata kwenye kanga huandikwa mengi," nikajibu.

Sikusema hivyo kwa dharau. Wazee walisema kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Aliyeunda gari atalisifu gari, huo si wizi, ndiyo kazi yake. Kazi yako wewe ni kuuliza. Nikauliza ilipimwa wapi hiyo ishirini. Laurenti akasema kiwandani, ng'ambo. Anisia akapekua simu yake kidogo, akasema wanalipimia ndani ya nyumba, magurudumu yanazunguka juu ya vyuma, gari lenyewe limesimama palepale.

"Kwa hiyo lilikwenda kilomita zote hizo bila kutoka mlangoni?"

Anisia alicheka. Laurenti hakucheka.

Nikamwambia sitakataa wala sitakubali. Tutakwenda Biharamulo mjini, tujaze tanki mpaka kooni, halafu twende Kanazi kumsalimia mjomba wao, turudi, tujaze tena kwenye sheli ileile. Kitakachoingia ndicho lilichokunywa. Hapo tutagawa kilomita kwa lita, na shule yangu ya darasa la nne inatosha.

Asubuhi tukafanya hivyo. Anisia aliandika kilomita kwenye daftari la mwanawe. Tulipoondoka Laurenti akaanza kuendesha kama aliyebeba mayai. Kiyoyozi amezima, madirisha amefunga, sisi tunatoka jasho, na kila semi inayokwenda mpakani inatupita ikipiga honi.

"Laurenti."

"Naam, mama."

"Mteja wa Ngara akikuita, unamfuata kwa mwendo huu?"

"Hapana, mama."

"Basi endesha kama wewe. Sikuja kumpima mtu mwingine."

Akawasha kiyoyozi, akakanyaga mafuta. Tukaanza kuyapita malori milimani, na kwenye mlima ndipo nilipolisikia lile gari kwa mara ya kwanza. Kule uani lilikuwa bubu. Hapa liliguna kama dume la ng'ombe linalovuta plau. Betri ilionekana kwenye dashibodi kama kipande kidogo cha rangi ya kijani, na kila kilima kilikimeza. Tukishuka kinarudi kidogo, tukipanda kinaisha kabla hatujafika juu. Lami ilipokwisha tukaingia barabara ya vumbi ya kwenda Kanazi, mawe yanagonga chini. Viti, lakini, sitasema uongo: mgongo wangu haukuuma hata kidogo. Kipya kinyemi.

Kaka yangu Filbati alitupokea vizuri. Tukala, tukanywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, isipokuwa dereva, maana nilimkataza. Wakati wa kuondoka mke wa Filbati akaleta mikungu mitatu ya ndizi na gunia la maharage. Laurenti akasimama mbele ya buti kama askari wa zamu.

"Mjomba, leo msitupe mzigo. Tunapima gari."

Filbati akaliangalia jipu mbele na nyuma. "Gari kubwa kama zahanati linaogopa mkungu wa ndizi? Mpwa wangu, ungekuja na baiskeli. Baiskeli yangu inabeba minne na haisemi kitu."

Watoto wa jirani wakapiga kelele za kicheko. Nami nikasema, "Pakieni." Kwetu mtu haendi kusalimia nyumbani akarudi mikono mitupu, watasema amefukuzwa. Gari la kwetu halirudi tupu hata siku moja, awe anayeliendesha ni tajiri au ni mwalimu. Kabla hatujafika barabarani akatusimamisha mdogo wangu, Skola, ambaye kwa Laurenti ni mama mdogo. Alikuwa na begi, kuku wawili na mjukuu mgongoni, anakwenda hospitali ya Biharamulo kumwona mkwe wake aliyelazwa. Nani atamwacha? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wale waliopima kule kiwandani walipima na dereva asiye na ndugu.

Tulimfikisha Skola hospitalini, tukarudi kwenye sheli ileile, na binti yuleyule wa asubuhi akashika bomba. Laurenti alisimama pembeni akitazama namba za pampu zinavyokimbia, na kila zilipopita mahali alipotarajia zisimame, alisogea hatua moja. Binti akasema, "Baba, si asubuhi ulisema hili halinywi mafuta, linanusa tu?" Anisia akampa daftari. Akagawa kwenye simu, akafuta, akagawa tena.

"Kumi na moja," akasema. "Na kidogo."

Tukatoka mjini. Kisha akapiga usukani kwa kiganja. "Amenidanganya yule mtu! Mwanza nililijaribu siku mbili, lilinipa kumi na nane. Nililiona kwa macho yangu, mama!"

"Mwanza ulikuwa unakwenda wapi?" Anisia akamuuliza.

"Mjini tu. Dukani, benki, nyumbani."

"Kwenye foleni. Unakwenda kidogo, breki, kidogo, breki. Hapo betri ndiyo inayofanya kazi na injini inasinzia. Huku kilima ni kirefu, betri inakata pumzi katikati, inabaki injini peke yake imebeba jipu, imebeba betri yenyewe, imebeba na mama mdogo."

Hapo nilitaka kumwambia mwanangu kwamba huyo mwenye gari ni tapeli, ili moyo wake upoe. Ulimi ulishafika kwenye meno. Nikakumbuka nilivyokalishwa kwenye samadi, nikamwambia yale niliyoambiwa mimi. Usimwite mwizi mtu aliyekuonyesha maziwa. Kumi na nane yako ya Mwanza ni ya kweli, na ishirini ya kiwandani pengine ni ya kweli kule kiwandani. Ila wewe unataka kuuza chakula cha kiangazi cha dada yako kwa kilomita za mahali usipotembea. Hiyo kumi na moja inaishinda pikapu yako, ndiyo, lakini hailishindi shamba.

"Ungekuwa unashinda mjini kutwa nzima," nikamwambia, "ningesema nunua, kwa jasho lako."

Tulifika nyumbani jua likizama. Kesho yake mchana alilirudisha gari Mwanza. Hakunishukuru, wanangu, mpaka leo hajanishukuru, na majirani zake kule walimcheka kwamba jipu limemkimbia. Mzazi anayengoja kushukuriwa kwa kila kizuizi atazeeka na uchungu. Nilimwona tu, wiki mbili baadaye, amekuja na pikapu yake ileile inayopiga kelele, akashuka bondeni bila kupitia kwangu, akasimama katikati ya matuta ya viazi muda mrefu. Sikumfuata.

Sasa nisikilizeni vizuri. Sisemi magari haya ni mabaya. Hayo na yajayo mtayaendesha ninyi, sisi tutakuwa tumekwenda. Ninasema namba haitembei peke yake. Mbegu wakikuambia inatoa magunia kadhaa kwa eka, uliza ni udongo gani, na mbolea alitia nani. Jiko wakikuambia linakula mkaa kidogo, pika nalo maharage, usichemshe nalo chai ukatangaza. Kijana akija kuposa akasema hana hasira, mtazameni siku ng'ombe wameingia shambani kwake. Na wewe mwenyewe ukitaka kujua kitu, kipime kama unavyoishi: kwa haraka yako, kwa mzigo wako, kwa ndugu zako watakaokusimamisha njiani. Ukikipima kwa adabu usiyokuwa nayo, utakuwa umejidanganya mwenyewe, na hapo hakuna wa kumkamata shuka mnadani.

Mungu awape macho ya kuona na subira ya kuuliza. Awape milima mnayoweza kuipanda, na watu wa kupanda nao. Msikose chakula kiangazi. Msiaibike mbele ya wakwe zenu. Na mkipata cha kung'aa, kiwe kimelipwa kwa mkono wenu, kisiwe kimelipwa kwa sahani ya mwingine.

Mimi jioni ile tuliporudi na jipu kutoka Kanazi sikulala na maneno. Niliwaita wote uani, Laurenti, Anisia na watoto wake wanne, na mikungu ya Filbati bado iko ndani ya buti. Nikawaambia: shamba la bondeni lisitajwe tena mbele ya mnunuzi yeyote wakati mimi niko hai, na nikifa asiliuze mtu kabla hajalilima misimu mitatu kwa mikono yake. Shusheni ndizi. Kesho alfajiri kila mtu na jembe lake.