Simu Niliyompelekea Mama Neema

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyompelekea Mama Neema simu kule Nyololo. Nilikuwa fundi simu kijana hapa Soweto, Mbeya, nimetoka chuo juzi tu, na sifa zimenijaa. Mama Neema alikuwa haoni kabisa. Mumewe alikuwa na pumu. Simu yao ya vitufe ilikuwa imekufa, nikaamua kumpa ya kisasa, ya kioo kitupu, yenye sauti inayotaja kila unachogusa. Niliijaribu mwenyewe nimefumba macho. Ilikubali, maana kila kitu nilikipanga mimi, nikijua kilipo.

Mama Neema akaipapasa kioo kizima.

"Baba, mbona vidole vinatafuta namba, havipati?"

"Utazoea, mama," nikamwambia. Hata chai sikumaliza, nikawahi basi.

Mwezi haukuisha. Mumewe alibanwa na pumu mchana, mvua inanyesha, na Mama Neema ndiyo kwanza anaingia kutoka kuanua nguo. Mikono imelowa. Anagusa apige simu ya msaada, simu inataja kingine. Anaifuta kwa kanga, anagusa tena, inanyamaza. Akaitupa, akatoka akipiga kelele, akaanguka mtaroni. Majirani walipofika ndani, mzee alikuwa ameshakata roho.

Nilikwenda msibani. Akanitambua kwa sauti, akanishika mkono. Hakulia.

"Nilikwambia, baba. Ulidhani nasema nini?"

 

Baadaye nilirudi Nyololo mara nyingi, nikakaa na yeye na wenzake wawili wasioona, nikiuliza kwanza ndipo nishike bisibisi. Tukatengeneza simu yenye vitufe vilivyoinuka, na kimoja kikubwa ubavuni cha kumwita jirani. Wenzake waliichukua. Yeye alikataa hata kuigusa.

"Wape hao," alisema. "Niliyetaka kumwokoa mimi yuko kaburini."

Basi, mwanangu, ukitaka kuwatengenezea wasioona simu, nenda ukae nao kabla hujachora chochote. Mpe mtu aijaribu akiwa na haraka, akiwa na hofu, akiwa peke yake. Akikwambia haifai, mwamini, hata kama umeihangaikia mwaka mzima. Mungu akupe moyo wa kusikiliza, aibariki kazi yako, na akuepushe na kupiga hodi kwenye msiba ulioupeleka mwenyewe.